Tunamsitiri Nani?

Tuanze na hesabu, kwani katika jambo hili maneno yamesemwa mengi na hesabu haijapigwa.

Watu 20 walicheza upatu hapa mjini kwetu, kila mmoja pauni 250 kwa mwezi. Zamu ya tatu ilimwangukia bwana mmoja, mtu wa salamu ndefu na kanzu iliyopigwa pasi, akapokea pauni 5,000 taslimu mkononi. Mwezi wa nne alichelewa. Mwezi wa tano alisema kazi imesimama. Mwezi wa sita simu yake haikupokelewa. Alikuwa ametoa mafungu matatu, yaani pauni 750, na mafungu 17 yaliyosalia, pauni 4,250, yakabaki shingoni mwa kijumbe. Kijumbe mwenyewe ni mama wa makamo anayesafisha ofisi mbili, moja kabla ya alfajiri na nyingine baada ya magharibi. Mama alilipa. Kwa miezi 17 alitoa mara mbili, fungu lake na fungu la mtu aliyekimbia, na kila mwenye zamu akapata zake kamili bila kupungua peni.

Alipokwenda kwa wazee kushtaki, aliambiwa nini? Aliambiwa amstiri mwenziwe, naye Mola atamsitiri. Aliambiwa tuko ugenini, aibu ya mmoja ni aibu ya wote, na Wazungu wasije wakatucheka. Tunasema "aliambiwa" kama kwamba sisi hatukuwapo. Tulikuwapo. Tulikaa kwenye mkeka ule ule, tukanywa chai ya tangawizi, tukatikisa vichwa. Bwana yule akahamia mji mwingine, mwendo wa saa mbili kwa gari, na huko alipokewa kwa salamu ndefu kama zake.

Basi makala haya ni dhidi yetu wenyewe, na dhidi ya neno hilo zuri la sitara tulivyolichukua tukalifanya blanketi la wezi.

Hebu tutazame upatu wenyewe, ambao wengine huuita mchezo, Wakenya wanao katika vyama vyao, ndugu zetu wa Kongo huuita likelemba, Wanyarwanda ikimina, na majirani zetu Wasomali ayuuto. Upatu hauna benki wala wakili. Anayepokea zamu ya kwanza amekopeshwa na wenziwe wote bila riba. Anayepokea ya mwisho amejiwekea akiba mikononi mwa watu. Baina ya wawili hao hakuna kilichosimama ila jina. Kila anayekwisha kupokea ana sababu moja tu ya kuendelea kutoa, nayo ni kwamba kesho atahitaji tena watu, na watu hao watakuwa wamesikia. Ondoa hilo la kusikia, upatu unakufa siku hiyo hiyo. Haufi kwa sababu watu wamekuwa wabaya. Unakufa kwa sababu ubaya umekuwa wa bure.

Kijumbe mwenye uzoefu analijua hili bila kusomea popote. Mgeni hampi zamu ya awali hata akilia. Humweka mkiani, amwone anatoa mwezi baada ya mwezi, na katika mzunguko wa pili ndipo humsogeza katikati. Sasa bwana wetu alipataje zamu ya tatu? Alikuja na mtu. Mtu mzima, mwenye heshima yake, alimshika mkono akasema huyu ni mtoto wa fulani, tunatoka mtaa mmoja. Alidhamini kwa mdomo, na mambo yalipoharibika hakuulizwa hata senti moja. Siku hizi bado anashika watu mikono.

Wapo watakaosema mambo haya ya kufuatana na madeni ni ya Kizungu, sisi watu wa pwani tuna utu wetu. Haya, twendeni pwani. Katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Unguja alikuwa akichukua nguo, shanga na bunduki kwa mkopo, akavuka Bagamoyo akaenda bara mwaka, miaka miwili, mitatu. Tharia Topan, aliyekuwa mkubwa wa forodha Unguja, alimkopesha hivyo Hamed bin Muhammed, yule anayejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip. Biashara ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watumwa pia, na hilo nalo tusilistiri. Ukishafika Manyema, nani atakufuata? Hakuna. Lakini aliyekopa na kupotea alijua kuwa Unguja nzima, kuanzia forodhani, hakuna atakayempa tena hata doti moja ya kaniki. Wazee wetu wa pwani walijua sana kusitiriana, lakini hawakuwa wajinga wa kumkopesha mwizi mara ya pili kwa ajili ya ustaarabu.

Na kabla yao, karne ya 11, walikuwapo wafanyabiashara wa Kiyahudi wa Misri na Maghrebi waliopelekeana mali kwa merikebu kutoka Fustat hadi Tunisia na Sicily. Barua zao zilikutwa katika ghala la sinagogi la Ben Ezra mjini Cairo. Mwanauchumi Avner Greif, katika andiko lake la mwaka 1989, alieleza kuwa wakala akimdhulumu mmoja wao, wote waliacha kumpa kazi, hata wale ambao hakuwagusa. Wapo wanahistoria waliompinga wakisema kuwa watu wale walikwenda pia mahakamani. Sisi hatuoni ugomvi hapo. Barua na kadhi vyote viwili ni njia za kusema jambo lijulikane. Hakuna hata mmoja katika mabishano hayo anayesema kwamba walinyamaza.

Sasa turudi kwetu ughaibuni. Wangapi wetu ni madereva wa teksi za kuitwa kwa simu? Mnaijua habari ya nyota. Abiria mlevi wa saa nane ya usiku anakupa nyota mbili kwa sababu hukumruhusu kula kebabu kwenye kiti chako, na wastani wako ukishuka chini ya kiwango, akaunti inafungwa bila mtu kukuuliza jambo. Tunalalamika, na haki yetu. Ni mizani ya dhuluma: anayepima hajulikani, anayepimwa hana pa kujibia, na kampuni imejivua jukumu la kusimamia ikalitwika abiria. Lakini ajabu ni hii. Ndugu huyo huyo anayeishi mchana kutwa kwa nyota za watu asiowajua, jioni anampa mtu akiba ya mwaka mzima akamnunulie kiwanja nyumbani, na hajamuuliza hata mtu mmoja kama huyo bwana amewahi kumnunulia yeyote kiwanja kikaonekana.

Na msidhani kwamba nyota zenyewe zinasema kweli. Wataalamu wawili, Paul Resnick na Richard Zeckhauser, walichunguza mauzo ya mnada wa eBay ya mwaka 1999. Katika maoni yote ambayo wanunuzi waliandika juu ya wauzaji, yaliyo mazuri yalizidi 99 kwa mia. Je, soko gani duniani lina watu wema 99 kwa mia? Sababu mojawapo ilikuwa kisasi. Ukimwandikia mwenzio vibaya naye anakuandikia vibaya, basi watu waliokasirika waliona bora kunyamaza. Mwaka 2008 eBay wakaondoa ruhusa ya muuzaji kumpa mnunuzi alama mbaya, ili mnunuzi aweze kusema bila hofu.

Tuliposoma habari hiyo tulijiona wenyewe. Muulize mtu yeyote hapa kwetu juu ya mtu yeyote: "Ah, mtu mzuri sana yule." Wote ni wazuri sana. Aliyetapeli ni mzuri sana, aliyetapeliwa ni mzuri sana, na kijumbe aliyelipa pauni 4,250 za watu ni mzuri sana pia, hana tofauti na aliyemkimbia. Sifa inayotolewa kwa wote haimpi mtu kitu. Tena tunajua kwa nini tunaitoa. Ukisema ukweli juu ya fulani, harusi ya mwanao shangazi zake hawaji, na ukifiwa watakuja kwa kuchelewa. Hiyo ndiyo alama mbaya yetu sisi, na hakuna aliyeiondoa mwaka 2008.

Kuna hoja moja ambayo hutolewa kwa sauti ya chini na macho yakitazama mkeka, kwamba kumtaja mtu kwa ubaya wake ni kusengenya, na kusengenya ni kula nyama ya nduguyo. Hoja hii inataka jibu la heshima, kwa sababu wengi wanaoitoa wanaitoa kwa kweli.

Elimu ya Hadithi imesimama juu ya nini? Imesimama juu ya kuwataja watu. Wanavyuoni waliijenga fani nzima, al-jarh wat-taadil, ya kusema nani mkweli, nani msahaulifu, nani mwongo, nani alikuwa mzuri kisha akachanganyikiwa uzeeni. Imam Muslim katika dibaji ya Sahihi yake anaeleza kinaga ubaga kuwa kuzifichua kasoro za wapokezi ni wajibu wa dini, si usengenyaji. Al-Dhahabi, aliyefariki 1348, aliandika kitabu kikubwa, Mizan al-Itidal, kilichojaa majina ya wapokezi waliotiwa kasoro. Ibn Hajar aliyefuata baadaye aliwapanga wapokezi katika daraja 12, kutoka wa juu kabisa hadi waongo. Na Imam al-Nawawi katika Riyadh al-Salihin, kitabu kinachosomwa misikitini kwetu tangu Lamu hadi Muscat, ametaja mambo sita ambayo ndani yake kumtaja mtu kwa kasoro yake kunaruhusiwa. Miongoni mwayo ni mwenye kudhulumiwa kushtaki, na kuwatahadharisha watu na shari. Humo humo imo habari ya Fatima binti Qays, aliyekwenda kwa Mtume kuomba ushauri kwa kuwa alikuwa amechumbiwa na watu wawili. Hakuambiwa wote ni wazuri sana. Aliambiwa mmoja hana mali na mwingine ni mkali kwa fimbo.

Jambo lililotugusa zaidi katika fani ile ni kwamba walipima vitu viwili mbalimbali, uadilifu wa mtu na uimara wa kuhifadhi kwake. Mtu aliweza kuwa mcha Mungu wa kweli, mfungaji wa sunna, na bado wakamwandika kuwa ni dhaifu, Hadithi zake zisichukuliwe, kwa kuwa anachanganya. Hawakumtukana. Walisema tu kwamba hili si la kumwekea yeye. Sisi tunampa mtu mfuko wa jumuiya kwa sababu ana sijda kwenye paji la uso, au kwa sababu anaongoza kwaya vizuri, kisha tunashangaa hajui kutunza daftari. Tena waliopima nao walipimwa. Mwanachuoni aliyezoea kuwapitisha watu ovyo aliandikwa kuwa ni mlegevu, na neno lake likapungua uzito. Mshika mikono wetu angeandikwa nini?

Wakristo tulio nao katika jumuiya hii wanayo yao, katika Mathayo 18. Ndugu akikukosa, nenda kwake peke yako. Asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili wawe mashahidi. Asiposikia, liambie kanisa. Ni hatua, kila moja na nafasi ya mtu kujirudi. Sisi tumesimama hatua ya kwanza na kuiita ndiyo dini yote.

Kufanana dini au kabila hakujawahi kuwa dawa. Bernard Madoff alipokamatwa New York Desemba 2008, wengi aliowamaliza walikuwa Wayahudi wenziwe na mifuko yao ya sadaka, ukiwamo mfuko wa Elie Wiesel aliyenusurika Auschwitz. Hawakumchunguza kwa sababu alikuwa wao. Miezi michache baadaye, mwaka 2009, serikali ya Tanzania iliifunga DECI, ile ya kupanda mbegu na kuvuna, iliyoenea kwa njia ya makanisa huku wachungaji wakiwa mbele. Tapeli haji kwa mlango wa wageni. Huja kwa mlango wa uani, ambao hatuufungi kwa kuwa ni wa ndugu.

Tunakubali kwamba kuna hatari upande wa pili, na si ndogo. Fitina tunaijua; imevunja ndoa na urafiki wa miaka 30 katika mji huu huu. Hatutetei umbeya. Lakini tazameni tofauti. Umbeya hauna mwenyewe wala tarehe wala kiasi: "nasikia", "inasemekana". Ushahidi una mtu anayesema mimi fulani, tarehe fulani, nilimpa fulani kiasi fulani mbele ya fulani, hakurudisha. Huyo fulani anaweza kuja akajibu, akaonyesha risiti, mambo yakaisha. Kwa ajili hiyo hiyo hatumtaji bwana yule katika kurasa hizi. Sheria ya kashfa ya Uingereza inamtaka anayechapa athibitishe ukweli wa alichochapa, na katika mkasa ule hakuna karatasi hata moja. Upatu wa pauni 100,000 kwa mzunguko mzima, watu wazima 20, hakuna karatasi! Kuandikiana, tuliona, ni kutoaminiana. Na aya ndefu kuliko zote katika Kurani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inaamrisha deni liandikwe na mashahidi wawili wawekwe.

Na kuna jambo ambalo akina mama wanatuambia kila mara, nasi tunacheka tukidhani ni mzaha. Jumuiya hii haikosi kumbukumbu. Ina kumbukumbu kali kabisa, ila imeelekezwa pasipo pake. Binti akionekana akiwa na miaka 19 kasimama na kijana kituo cha basi, jambo hilo litafuatana naye hadi posa ya mdogo wake. Huko hakuna sitara. Mwanamume akila mali za watu 20, Ramadhani mbili zikipita tunasema yaliyopita si ndwele. Hata mashirika ya mikopo ya nchi hii, yasiyo na huruma na mtu, yana utaratibu wa haki kuliko huo: aliyeshindwa kulipa huandikwa miaka 6, kisha hufutwa, na ana haki ya kuliona faili lake na kulipinga. Binti yule faili lake halifutwi, na hajawahi kuonyeshwa. Bwana yule hakufunguliwa faili.

Mtatuuliza, kwani hasara iko wapi, si mama alilipa? Hasara tuliiona msiba wa karibuni. Kijana wetu alifariki, hana ndugu hapa, mama yake yuko kijijini Tanga anangoja. Zamani tungekusanya kwa jioni mbili. Safari hii maiti ilikaa mochwari siku 11. Si kwa ubahili. Kila tuliyemwendea aliuliza swali moja: "Nampa nani?" Likitajwa jina, hili linakataliwa, na lile linakataliwa, pasipo mtu kusema kwa nini. Sitara yetu ilikuwa imekamilika kiasi kwamba hatukuweza kumtofautisha mwaminifu na asiye mwaminifu, basi tukawaogopa wote. Aliyekuja kushika fedha mwisho ni yule yule mama wa ofisi mbili. Alileta daftari la shule, akaandika jina na kiasi, akampa kila mtu karatasi. Fedha zilitimia jioni ile ile.

Kwa hiyo sisi tumeanza. Mtu anayehamia mjini kwetu na kutaka kuingia upatu anaulizwa alikotoka na kijumbe wake wa mwisho ni nani, na kijumbe huyo anapigiwa simu mbele yake. Anayemdhamini mtu anatia sahihi kwamba asipolipa atalipa yeye. Tangu tuweke hilo, mikono inayoshikwa imepungua sana. Anayekosa anaandikwa, anaitwa, anasikilizwa. Akilipa, mstari unapigwa juu ya jina lake na hakuna anayeruhusiwa kulirudia. Tumeitwa majina. Tumeambiwa tumekuwa polisi, tumeambiwa tumeiga makafiri, na mzee mmoja tunayempenda amesusa vikao. Tunamkosa kwa kweli, chai haina ladha.

Wiki iliyopita tulipigiwa simu na dada mmoja kutoka mji ule aliohamia bwana yule. Kuna upatu mpya huko, alisema, watu 24, pauni 300 kila mmoja, na kijumbe ni bwana mmoja mstaarabu sana aliyetoka kwetu. Alitaka kujua kama tunamfahamu. Tukamwambia tunamfahamu, tukamweleza kwa tarehe na kiasi kama mama alivyotueleza, na namba ya mama tukampa kwa idhini yake mwenyewe. Dada alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kwa nini watu wanne wa mji huu huu, aliowapigia kabla yetu, walimwambia ni mtu mzuri sana.